Mume Wangu Mwenyekiti, Mimi Mwenye Kuanguka

Sehemu ya Tano

Mliosoma wiki jana mliniacha sakafuni jikoni, chai imemwagika, kifundo cha mkono wangu wa kulia kimegeukia upande ambao Mungu hakukipangia. Ambao hamkusoma, msihangaike kutafuta gazeti la zamani. Jambo lenyewe ni fupi. Chai ilipoa. Mume wangu akaiona imepoa. Bakora ikamaliza maneno.

Nina miaka sitini na nane. Nimeshona sare za shule kwa miaka arobaini, na nusu ya wanaume mtaani kwetu nawajua vipimo vya kiuno tangu wakiwa darasa la kwanza. Mume wangu ana sabini na mbili. Alikuwa mwalimu mkuu. Siku alipostaafu wanafunzi walishangilia hadi barabarani, naye akarudi nyumbani akiwa amebakiwa na mwanafunzi mmoja tu: wa kike, mtu mzima, asiyehitimu.

Alikuwa akinipiga hata zamani, lakini kwa nafasi, kama mtu mwenye shughuli nyingi. Alipostaafu akapata muda.

Mtaani wanamwita Mwenyekiti, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usuluhishi wa Ndoa. Vijana wakigombana wanapelekwa kwake. Anawakalisha, anawapa maji ya kunywa, anawaambia nyumba ni maelewano. Wanatoka wameshikana mikono. Ile bakora yenyewe alipewa na kamati, zawadi ya kutimiza miaka kumi ya kuleta amani katika nyumba za watu.

Basi siku ile aliniinua mwenyewe, akanifuta uso, akaita teksi, akanipeleka hospitali amenishika kiwiko kama yai.

"Imekuwaje?" daktari aliuliza. Hakuniuliza mimi.

"Ameanguka," mume wangu alijibu.

"Wazee huanguka," alisema daktari, akaandika.

Ilikuwa mara ya nne mwaka ule. Nikafungua mdomo. Mume wangu akanitengeneza mtandio vizuri begani, taratibu, vidole vikikaa pale kidogo. Nikaufunga mdomo.

Sasa, hospitali ina utaratibu wake. Ukianguka mara moja unapewa dawa ya maumivu. Ukianguka mara nne unapelekwa shule. Nilipewa karatasi: Darasa la Kuzuia Wazee Kuanguka, kila Jumanne saa nne asubuhi, chumba namba nane, uje na viatu visivyoteleza.

Binti yangu alifurahi sana. Huyu ndiye kifungua mimba wangu, ana duka la dawa, na kwake kila jambo lina dawa. Alikuwa ameshaninunulia mkeka wa mpira wa bafuni, taa ya ukumbini, viatu vya soli nene na vidonge vya mifupa vikubwa kama vifungo vya koti. Alifunga hadi vyuma vya kushikilia ukutani. Nyumba yetu ikawa salama kiasi kwamba hata paka hakuteleza. Kilichobaki humo cha hatari kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha mbele kinasoma gazeti.

Jumanne ya kwanza mume wangu alinisindikiza hadi mlangoni mwa darasa. Akinamama wakageuza shingo.

"Bibi, una bahati," alisema msichana anayefundisha. Sote tulimwita Binti wa Mazoezi. "Wenzako wanakuja peke yao na mkongojo."

"Mimi wa kwangu anaushika yeye," nilisema.

Darasa zima likacheka. Mume wangu naye akacheka, tena akachelewa kuacha. Jumatano nikajua kwamba utani ule haukumpendeza.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, wote wanawake. Wanaume wa umri wetu, inaonekana, hawaanguki.

Zoezi la kwanza lilikuwa kusimama kwa mguu mmoja, wawili wawili, mmeshikana. Mimi nilipangwa na mkunga mstaafu, mama mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye alizalisha robo ya mji huu akiwemo binti yangu. Jicho lake moja lilikuwa limevimba, limepakwa poda isiyolingana na rangi yake.

"Wewe unaangukia wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini, tumesimama kama korongo wawili.

"Jikoni. Wewe?"

"Mlangoni."

"Unajikwaa nini?"

Tukabadilisha mguu.

"Kuna siku maalumu?" akauliza.

"Siku chai ikipoa. Wewe?"

"Siku timu yake ikifungwa."

Nikamtazama. Akanitazama kwa lile jicho zima.

"Mwaka huu wamefungwa sana," alisema.

Sijui kicheko kilitoka wapi. Kilianza kwake kikaingia kwangu, kikatushika sote wawili, mguu mmoja hauwezi kubeba kicheko cha namna ile, na tukaenda chini pamoja, pwaa, kwenye godoro la mazoezi.

"Mnaona?" Binti wa Mazoezi akawaambia wengine. "Ndiyo maana mko hapa."

Baada ya darasa tulikaa kwenye benchi la korido, pale wanapopimia uzito watoto. Mkunga akanieleza yote kwa dakika kumi, bila machozi, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alipokuwa safarini nyumba ilikuwa na raha. Sasa hana safari.

"Umewahi kumwambia mtu?" nilimuuliza.

"Mwanangu wa kiume. Akasema niache kumchokoza baba yake, ana presha."

"Mimi sijamwambia yeyote. Nilidhani niko peke yangu. Nilidhani wakifika sabini mikono inachoka."

"Haichoki, dada," alisema Mkunga. "Inastaafu kazi nyingine zote."

Nilirudi nyumbani siku ile nikitembea upesi kuliko umri wangu. Kwa miaka arobaini na minne nilikuwa nimekaa na jambo hili kama mtu aliyemeza sindano, ananyamaza ili isimchome. Kumbe kuna mwingine kameza ya kwake. Nikaamua kumwambia binti yangu.

Nilimfuata dukani mchana, hakuna wateja. Alikuwa anapanga chupa za dawa ya kikohozi.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Mwanangu, mimi sianguki."

"Najua, Mama. Yale mazoezi yanasaidia sana."

"Hapana. Nasema sijawahi kuanguka. Baba yako ananipiga."

Chupa aliyoishika ilibaki hewani. Kisha akaiweka kwenye rafu, akaizungusha hadi lebo ikatazama mbele.

"Mama, Baba ana miaka sabini na mbili. Atakupigaje?"

"Kwa mkono wa kulia."

"Mama."

"Akichoka anabadilisha."

"Mama, sisi tumekulia nyumba ile! Sijawahi kuona akikugusa."

"Mlikuwa mnatumwa dukani," nilisema. "Hukumbuki mlivyokuwa mkitumwa dukani?"

Niliona kitu kikipita usoni mwake, haraka, kama panya anayekatiza chumba. Kisha kikapotea. Akatoka nyuma ya meza, akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Mama, siku hizi unasahau sahau?"

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, wiki iliyofuata, katika chumba kingine cha hospitali ile ile, napimwa kumbukumbu.

Mpimaji alikuwa kijana mpole mwenye tai. Leo siku gani? Nikamwambia. Mwezi gani? Nikamwambia. Toa saba kwenye mia, toa tena saba, endelea. Nilitoa hadi akaniomba niache. Mtu aliyekata vitambaa miaka arobaini hababaiki na saba.

"Sasa, bibi, andika sentensi moja. Yoyote, mradi iwe na maana kamili."

Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, kwa hiyo niliandika kwa wa kushoto, polepole, herufi zimelala upande: *Mume wangu ananipiga.*

Akaisoma. Akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri sana. Ina mtenda na kitendo. Alama moja."

Nikapata ishirini na tisa kwa thelathini. Pembeni akaandika kwamba mgonjwa ana akili timamu, isipokuwa ana hofu isiyo na sababu kuhusu watu wa karibu. Binti yangu akaisoma karatasi ile ndani ya gari, mara mbili, akaikunja. Mimi nikatazama dirishani. Nilikuwa nimesema ukweli mahali pawili: pa kwanza nikapelekwa kupimwa, pa pili nikapewa alama.

Aliyesikia hatimaye hakuwa daktari wala mtoto niliyemzaa. Alikuwa Binti wa Mazoezi, na alisikia kwa bahati mbaya.

Alikuja nyumbani na fomu ya kukagua mazingira. Wanafanya hivyo kwa wanafunzi wote: wanapita vyumbani kutafuta kinachowaangusha wazee. Mume wangu alikuwa kikaoni. Msichana alipita bafuni, ukumbini, jikoni, akikanyaga mikeka kwa kisigino, akiwasha taa na kuzima. Mwisho akasimama katikati ya sebule, ameduwaa.

"Bibi, nimepita nyumba thelathini. Hii ndiyo ya kwanza kuipa alama zote. Hata kwangu si salama hivi. Sasa wewe unaangushwa na nini?"

Unaangushwa. Neno lenyewe lilimtoka bila kukusudia. Nikalidaka.

"Siyo na nini, mwanangu," nilisema. "Na nani."

Kalamu yake ikasimama. Akanitazama kuona kama natania, kama siku ile ya mkongojo. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Huo mkono?" aliuliza.

"Bakora."

"Mbavu za mwezi wa tatu?"

"Kiti hicho ulichokalia."

Akainuka kidogo, akakaa tena.

"Na lile jino?"

"Hilo nilianguka kweli. Ngazi za sokoni."

Hakucheka. Alikuwa na umri wa mjukuu wangu mkubwa, na alikuwa anajitahidi uso wake ubaki wa kazini.

"Lakini bibi, mume wako ndiye Mwenyekiti. Si ndiye aliyesuluhisha ndoa ya dada yangu?"

"Ilikuwaje?"

"Dada alirudi kwa mumewe."

"Muulize anaangukia wapi," nilisema.

Hapo uso wa kazini ukamshinda. Alilia kwa dakika moja, akitumia ncha ya sare yake, mimi nikimpapasa mgongo kwa mkono mzima. Kisha akapenga kamasi, akavuta fomu. Kulikuwa na sehemu imeandikwa *Chanzo cha kuanguka*, na visanduku: zulia, maji, ngazi, giza, kizunguzungu, mengineyo. Akatia alama kwenye mengineyo. Mbele yake akaandika, kwa herufi kubwa ambazo hata mimi bila miwani nilizisoma: MUME.

"Saini hapa, bibi. Nitaipeleka kwa wakubwa. Wao lazima wafanye kitu."

Nikasaini kwa mkono wa kushoto. Siku mbili baadaye akapita kwa Mkunga, naye akasaini.

Na wakubwa walifanya kitu. Mkubwa wake alizisoma fomu zote mbili, akasema hospitali inatibu mifupa, haitibu ndoa, na masuala ya ndoa yana chombo chake halali. Akazitia kwenye bahasha. Akaandika juu: *Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Usuluhishi wa Ndoa.*

Nilijua Alhamisi mchana. Mume wangu alirudi kutoka ofisi ya kamati, akala, akasema, "Chakula kizuri."

Katika miaka arobaini na minne hajawahi kusema chakula kizuri. Kijiko kikanitoka mkononi. Yeye akakiokota, akakifuta, akaniwekea mezani. Hakunigusa siku ile. Wala Ijumaa.

Jumamosi asubuhi mlango ukabishwa. Alikuwa katibu wa kamati, mzee mwembamba aliyekuwa karani wa posta, amevaa koti la kazi rasmi, amebeba bahasha kwa mikono miwili.

"Barua yako, mama. Saini hapa kwamba umeipokea."

Nikaifungua palepale. *Mlalamikaji unatakiwa kufika mbele ya kamati leo saa tisa alasiri bila kukosa.* Nyuma yake ilikuwa imebanwa fomu yangu, ile yenye neno MUME, na juu ya neno lile kuna muhuri wa zambarau: IMEPOKELEWA. Chini yake ni saini ya mume wangu. Aliyesaini alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, anakunywa chai.

"Si ungenipa mwenyewe?" nilimuuliza. "Tumeamka kitanda kimoja."

"Utaratibu," alisema, bila kuinua macho.

Nilimfuata Mkunga kwa miguu. Tulikubaliana mlangoni kwake, kwa kunong'ona: kwanza yeye, halafu mimi, maneno yale yale tuliyosaini, hakuna kurudi nyuma. Wakitukatalia, tunatoka pale moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Tulishikana mikono kama tulivyokuwa tukishikana darasani.

Ofisi ya kamati ni chumba kimoja chenye meza ndefu, kalenda ya mwaka juzi na benchi la wanaosubiri. Wazee watano wa kamati walikuwa wamekaa upande mmoja. Katikati, mume wangu. Mwisho wa meza, katibu na daftari lake la mihutasari. Na kwenye kiti cha pembeni, amevaa koti lake jeupe la dukani, alikaa binti yangu.

"Shahidi wa familia," katibu alinieleza. "Kuhusu hali yako ya kumbukumbu, mama."

Binti yangu alikuwa anatazama mapajani mwake, ile karatasi ya vipimo ameikunja ndogo, kama stempu.

Mkunga akaitwa kwanza. Mumewe alikuwa amesimama ukutani nyuma yake, na pembeni ya mumewe, mwanawe wa kiume.

"Mama, umesaini kwamba mumeo anakupiga," alisema mume wangu kwa ile sauti yake ya maelewano. "Ni kweli?"

Mkunga alisimama. Mikono ile mikubwa, iliyowapokea duniani watoto wa watu, aliishika mbele ya tumbo kama asiyejua kazi yake.

"Niliteleza," alisema.

Katibu akaandika. Alipopita kwangu kwenda benchini, Mkunga alisimama nusu hatua.

"Nisamehe, dada. Mwanangu amesema nikiendelea, wajukuu sitawaona tena."

Nikajivuta kumpisha nafasi kwenye benchi.

"Mlalamikaji wa pili," alisema mume wangu.

Nikasimama. Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa fundi saa, akakohoa.

"Mwenyekiti, kwa hili, labda ungepisha kiti?"

"Nikipisha, nani ataendesha kikao?"

Fundi saa akafikiri. "Kweli," alisema.

"Mlalamikaji, ieleze kamati: mlalamikiwa alikufanya nini?"

"Mlalamikiwa ni wewe."

"Jibu swali."

"Ulinipiga na bakora. Mkono ukavunjika."

"Kwa sababu gani?"

"Chai ilipoa."

"Kwa hiyo unakiri kwamba chai ilipoa."

"Nakiri."

"Katibu, andika: anakiri." Akaegemea kiti. "Una shahidi?"

"Ninaye."

"Nani?"

"Wewe ulikuwepo."

Mtu akacheka kwenye benchi. Sijui nani, nadhani ni Mkunga, kicheko kile kile cha kwenye godoro, kilichomponyoka na kikazibwa kwa kiganja. Fundi saa akainamisha kichwa, mabega yakitikisika. Hata katibu akashika sharubu.

Mimi nilimwona mume wangu anavyobadilika. Namjua kama ninavyojua kitambaa kabla hakijachanika. Kwanza masikio. Halafu ule mshipa wa shingo. Miaka yote nilipouona mshipa ule kulikuwa na mlango uliofungwa na pazia lililoshushwa, na watoto wametumwa dukani. Leo mlango ulikuwa wazi, jua la saa tisa limejaa chumbani.

"Kaa chini," alisema.

"Sijamaliza."

"Nimesema kaa chini."

"Miaka arobaini na minne nimekaa. Leo nasimama."

Akainuka. Akaizunguka meza, haraka kwa mtu mwenye goti bovu, na mimi, kwa upumbavu wangu, nilidhani hawezi. Mbele ya watu? Mbele ya daftari? Alinishika mabega kwa mikono miwili na kunisukuma kuelekea kiti. Kiti kilikuwa mbali kuliko alivyodhani. Nilikikosa. Nikashuka kwa ubavu, plasta ikagonga sakafu ya saruji, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka, ile ambayo huwa naizika kwenye mto wa kulalia.

Wazee watano walikuwa wameona. Mkunga ameona. Dereva wa lori ameona, na mwanawe ameona. Hakuna aliyekuwa ametazama pembeni, kwa maana hapakuwa na muda wa kutazama pembeni.

Kisha katibu akaruka kutoka kitini.

"Jamani, mama ameanguka!" alisema. "Leteni maji! Mama ameanguka!"

"Ameanguka," mzee mmoja akaitikia.

"Pole, mama, wazee tena," akasema mwingine, akiinama kuniinua.

Katibu akakaa, akavuta daftari, akaanza kuandika. Na wallahi nilihisi kitu kikizimika ndani yangu. Nikawaza, kumbe hivi ndivyo ilivyo. Hata wakiwa chumba kizima, hata jua likiwaka.

"Hakuanguka."

Sauti haikuwa kubwa. Ilitoka kwenye kiti cha pembeni. Binti yangu alikuwa amesimama, ile karatasi ya vipimo imedondoka miguuni pake. Uso wake ulikuwa uso wa mtoto wa miaka saba anayerudi kutoka dukani mapema kuliko alivyotarajiwa.

"Wewe nawe kaa chini," alisema baba yake.

Hakukaa. Alitembea kuelekea mlangoni, na nikajua anakimbia. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa na miguu, ningekimbia.

Lakini alipofika mlangoni aliufunga. Akazungusha ufunguo, akauchomoa, akautia kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Kisha akarudi hadi mwisho wa meza, akasimama juu ya kichwa cha katibu.

"Futa," alisema.

"Nifute nini, mwanangu?"

"Hilo neno. Futa, uandike ulichokiona."

"Katibu," alisema mume wangu, kwa sauti ambayo wanafunzi elfu moja waliwahi kuitii, "kikao kimefungwa."

"Hakuna anayetoka," alisema binti yangu. "Andika, mzee."

Katibu alimtazama Mwenyekiti. Akamtazama binti yangu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu anifahamu, akanitazama mimi, nilipolala, kwa muda mrefu, sharubu zikimcheza.

Akainamia daftari. Kutoka pale sakafuni nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi, neno moja, halafu jingine, lakini meza ilikuwa juu yangu na sikuweza kuona anaandika nini.